Anza na Masikio: Redio ya Ridhaa chini ya Paa la Mabati

Ukitaja redio mbele ya mkaazi wa Kibera, atakutajia Pamoja FM, kituo cha jamii kilichoanza mwaka wa 2007 na kilichowasihi vijana watulie wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Wa Kawangware atakutajia Mtaani Radio. Redio ya ridhaa ni kitu kingine. Haipigi muziki wala haiuzi matangazo. Ni mtu mwenye leseni anayezungumza na mwenzake mwenye leseni, awe mtaa wa pili au bara la pili, kwa mtambo wake mwenyewe, bila kupitia mlingoti wa kampuni yoyote ya simu. Wenyewe huitana ham. Kila mmoja hupewa na serikali jina la hewani lisilofanana na la mwingine duniani: la Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4, la Tanzania 5H, la Uganda 5X.

Vijana huniuliza wanunue radio call gani. Nawajibu: usianze kwa kununua ya kurusha. Baofeng UV-5R na ndugu zake ni vifaa ambavyo hata kijana wa kibarua anaweza kudunduliza akavipata, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kifaa hicho hufika masafa ya MHz 136 hadi 174, ilhali mgao wa ridhaa humo ni 144 hadi 146 tu. Kwingine kuna watumiaji wenye vibali vyao, wakiwemo walinzi na vyombo vya majini. Chini yake, kati ya 118 na 137, ni mazungumzo ya marubani na waongozaji ndege. Uwanja wa Wilson ni jirani wa Kibera. Kubonyeza kitufe cha kurusha bila leseni ni kosa la kisheria, na karibu na uwanja wa ndege ni hatari kwa watu usiowaona.

Masikio ndiyo mwanzo ulio bora, na pia ulio nafuu. Tafuta redio ndogo ya mawimbi mafupi yenye uwezo wa SSB, kwa sababu maham wengi huzungumza kwa mtindo huo, na redio ya kawaida huitoa sauti yao ikiwa imekwaruzika isieleweke. Mchana jaribu MHz 14.0 hadi 14.35, jua likishatua, shuka hadi 7.0 hadi 7.2. Siri ni jua lenyewe. Miale yake huchaji tabaka za juu za anga, nazo huyarudisha mawimbi ardhini mbali sana na yalikotoka. Usiku tabaka za chini, zile zinazoyameza mawimbi ya masafa madogo, hufifia, na bendi ya 7 hufunguka.

Kuna vituo ambavyo kila anayeanza anapaswa kuvisikiliza. Kwenye MHz 14.100 vipo vinara (beacons) 18 vilivyotapakaa duniani, na Kenya imepewa nafasi yake kwa jina 5Z4B. Hupokezana, kila kimoja sekunde 10, hivyo duru nzima ni dakika 3. Kinara hutaja jina lake kwa msimbo wa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia ule wa tatu kutoka Afrika Kusini au Israeli, umejua hali ya anga ilivyo saa hiyo, na umejua nguvu ndogo inavyoweza kufika mbali.

Sasa antena. Urefu wa antena ya nusu wimbi, kwa mita, ni 143 ukigawa kwa masafa ya MHz. Kwa 7.1 hiyo ni mita 20, na plot nyingi za Kawangware hazina nafasi hiyo. Kwa kusikiliza, mita tano za waya wa shaba zinatosha kuanzia. Lakini ukipanda hadi MHz 145, robo ya wimbi ni takriban sentimita 49, na hapo mabati yanageuka mali. Simamisha kijiti cha waya cha urefu huo katikati ya paa, kisiguse bati. Waya wa ndani wa kebo inayokwenda redioni uunge kwenye kijiti, wavu wa nje kwenye bati lililokwanguliwa kutu na rangi. Bati lote linakuwa nusu ya pili ya antena. Kwa hiyo, ukiwa na kipokezi kinachofika masafa hayo, utakisikia kituo cha anga za juu cha ISS kwenye 145.800 kinapopita, hasa wanaanga wanapozungumza na wanafunzi. Kila pito halizidi dakika kumi hivi.

Nisisitize usalama. Nyaya za sambaza, yaani stima ya kuunganishiwa kiholela, zimelala juu ya mapaa mengi, na bati lenyewe linaweza kuwa na stima. Mwite fundi alipime kabla hujaligusa, usirushe waya karibu na nyaya hizo, na mvua ya radi ikikaribia chomoa antena. Viungio vibovu vya stima na chaja hafifu ndivyo pia hujaza kelele redioni. Stima ikipotea mtaa mzima, washa redio ya betri: usiku huo utasikia vituo usivyowahi kuvisikia.

Dishi la zamani la televisheni lina kazi pia. Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa maham uitwao QO-100 na imetulia nyuzi 26 mashariki. Kwa Nairobi iko karibu utosini, ikiinamia magharibi kidogo, kwa hiyo ukuta wa jirani haukuzibii. Dishi, LNB yake, kipokezi cha USB na kompyuta vinakuletea sauti za Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba.

Ukishaonja hayo, soma kwa ajili ya leseni: kanuni ya Ohm, mwendo wa mawimbi, adabu za hewani. Msimbo wa Morse haukuzuii, kwani tangu 2003 mkataba wa kimataifa haulazimishi tena mtihani wake. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, yenye makao Waiyaki Way, na chama cha maham nchini ni Amateur Radio Society of Kenya.

Walimu wa skauti wa Kibera na Kawangware, nanyi nina ombi. Kila Oktoba, wikendi ya tatu, skauti duniani hukutana hewani katika Jamborii ya redio, na kambi ya Rowallan iko hapo hapo kando ya Kibera. Wasilianeni na chama hicho mapema, mwombe mwenye leseni aje na mtambo wake, watoto wenu wasikilize na, sheria inaporuhusu, wazungumze akiwasimamia.