Kabla ya kuiacha Fizikia, angalia kwanza ni mlango gani unaufunga

Uko Kidato cha Pili, muhula wa tatu. Mwalimu wa darasa amegawa fomu ya kuchagua masomo na kusema anataka irudi Ijumaa. Beste wako wa dawati ameshajaza yake: Fizikia nje, Jiografia nje, amebakisha "zile rahisi". Sasa anakungoja wewe. "Si twende pamoja?"

Subiri kidogo.

Fomu hiyo ni ukurasa mmoja tu, lakini ndiyo inayoamua utaweza kuomba kozi gani ukimaliza shule. Wengi wetu hudhani uamuzi huo hufanywa matokeo ya KCSE yakitoka. Wakati huo umechelewa. Unachagua tu kati ya milango iliyobaki wazi.

Najua kwa sababu yalinipata. Niliacha Fizikia kwa sababu mbili, na zote ni za aibu. Mwalimu alikuwa mkali, na genge letu lote la nyuma ya darasa lilikuwa linaiacha. Nikachukua Biashara. KCSE nikapata B. Nyumbani tukachinja kuku, mama akapigia jamaa zetu wote simu. Miezi michache baadaye nikaingia saiba ya mtaani kuomba uhandisi wa ujenzi. Kozi ikakataa. Alama hazikuwa chache. Pale palipotakiwa Fizikia hapakuwa na kitu. Jamaa wa saiba akanigeukia: "Kwani Fizikia hukufanya?"

Nilipofika nyumbani baba aliniuliza swali moja tu: "Hakuna mtu aliyewaambia?" Hakuna. Ndiyo maana nakuambia wewe leo.

Klasta ni mnyama gani?

Kujiunga na digrii kunahitaji angalau gredi ya wastani ya C+. Hiyo ni tikiti ya kuingia uwanjani tu. Ndani ya uwanja, KUCCPS, idara inayogawa nafasi za vyuo, huangalia klasta: masomo manne ambayo kozi yako inayataka. Kila somo lina pointi 12, kwa hivyo manne ni 48. Halafu huangalia jumla ya pointi zako katika masomo saba, ambazo zikijaa ni 84.

Hebu tupige hesabu. Wewe na beste wako nyote mmepata pointi 60 kati ya 84, yaani B. Nyote mnataka kozi ileile. Wewe una pointi 40 kati ya 48 katika masomo manne ya kozi hiyo. Yeye ana 32, kwa sababu alama zake nzuri ziko katika masomo ambayo kozi haiyahitaji. Gawanya 40 kwa 48, zidisha kwa 60 uliyogawanya kwa 84, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 48. Wewe unapata takriban 37.0. Yeye anapata 33.1.

Gredi ni moja, lakini mmeachana kwa karibu pointi nne. Kwenye kozi zinazogombaniwa, mwanya huo ni mkubwa sana. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwani KUCCPS huzingatia pia jinsi watahiniwa walivyofanya katika kila somo. Lakini funzo halibadiliki: somo rahisi linaweza kukupandishia gredi bila kukupeleka unakotaka.

Nani anataka nini?

Uhandisi unataka Hisabati, Fizikia na Kemia. Hapo hakuna njia ya mkato. Ukiacha Fizikia leo, umeshaaga uhandisi wa umeme, wa mitambo na wa ujenzi.

Udaktari na uuguzi vinataka Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo anayeiacha Fizikia bado anaweza kuwa daktari, ila Hisabati yake lazima iwe imara.

Sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili. Wapo wanaojiita mawakili tangu darasa la sita lakini Insha na Fasihi wanazipuuza. Wakipata B- katika lugha zote mbili, mlango umefungwa.

Ualimu wa sekondari unataka masomo mawili utakayofundisha, na angalau C+ katika kila moja. Ukiwa na somo moja tu unalolipenda, tafuta la pili mapema.

Na ikiwa hutafikisha C+, maisha hayajaisha. Stashahada huanzia C-, na huko pia kozi nyingi huangalia masomo fulani. Klasta haikuachi kwa sababu tu hukuenda chuo kikuu.

Fanya hivi kabla ya Ijumaa

Kwanza, andika kozi tatu unazozitaka. Zisiwe moja, kwa sababu ukiwa Kidato cha Nne mawazo yako yatakuwa yamebadilika. Ingia kwenye tovuti ya KUCCPS, tafuta kila kozi, unukuu masomo yake na gredi ya chini. Kama simu ni ya mzazi, keti naye mwangalie pamoja. Atakuelewa zaidi akiyaona kwa macho yake.

Pili, yapige mstari masomo yanayojirudia katika kozi zote tatu. Hayo usiyaguse, hata kama mwalimu wake ni mkali. Mwalimu anaweza kuhamishwa muhula ujao, lakini somo uliloliacha halirudi kirahisi.

Tatu, angalia alama zako za tangu Kidato cha Kwanza, usiangalie mtihani mmoja uliokuumiza. Ukipata 28 leo na ulikuwa na 19 muhula wa kwanza, unapanda. Ukishuka kila muhula licha ya kujikaza, huo pia ni ujumbe. Kung'ang'ania Fizikia ili upate D hakutakufanya mhandisi.

Nne, fikiria masomo manane kama shule inaruhusu. Sharti ni saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi angalau mbili, somo moja la kundi la Historia, Jiografia na dini, na moja la ziada. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Ukiwa na manane, moja likianguka halikuvuti chini, na mlango wa kozi yako unabaki wazi.

Tano, muulize mwalimu wa somo lenyewe, si beste wako peke yake: "Mwalimu, kwa kazi yangu ya sasa, naweza kufika B?" Wengi watakujibu ukweli.

Na mdogo wako wa Gredi ya Tisa?

Hawa wa CBE wanachagua mapema kuliko sisi. Wakiingia Gredi ya Kumi huwa wamechagua mmoja kati ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo wanachagua masomo matatu. Hata Hisabati ni ya aina mbili, na si aina zote mbili zitakazomfaa anayeota kuwa mhandisi. Mdogo wako akikuuliza, usimwambie tu "chagua unachopenda". Keti naye, muulize anataka kuwa nani, kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye masomo.

Sasa rudi kwenye ile fomu. Inawezekana utaiacha Fizikia kama mimi, na itakuwa sawa kabisa, mradi umeangalia na kozi zako tatu haziihitaji. Lakini usiiache kwa sababu genge la nyuma linaiacha. Siku ya kuomba nafasi, hilo genge halitakuwa nawe pale saiba.