Mlezi wa mwanafunzi wa sekondari: tumchague nani, tumfundishe nini?

Waheshimiwa wachefu, maprefe wa shule na wajumbe wa komite za wazazi, mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi pia. Tutasema juu ya walezi wa hiari wa wanafunzi wa sekondari.

Mlezi ni nani? Ni mtu mzima, si mzazi wa mtoto wala mwalimu wake, anayekubali bila malipo kukutana na mwanafunzi kila juma, kumsikiliza, kumuuliza habari za masomo na za nyumbani, na kumsindikiza hivyo mpaka mtihani wa Serikali. Zamani kazi hii ilikuwa ya mjomba, shangazi au baba mdogo. Siku hizi mjomba yuko Minova, shangazi yuko Uganda, na baba mdogo hajulikani aliko.

Mtauliza, kwa nini wa sekondari na si wadogo? Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali hazilipishwi, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Familia iliyoacha maharagwe yake shambani italipa na nini? Hapo kijana wa miaka 16 anaona mbele yake machimbo ya Rubaya au ya msitu wa Walikale, ama bunduki mlimani. Dada yake anaambiwa aolewe ili nyumba ipumue. Anahitaji mtu wa kumwambia, "Ngoja kwanza, tuzungumze."

Lakini nisiwafiche hatari. Kwetu hapa, mtu mzima anayemwita kijana pembeni si lazima awe mlezi. Wanaowaingiza watoto katika makundi ya silaha nao huanza kwa maneno matamu: "Mwanangu, nani anakulipia masomo?" Halafu soda, halafu viatu. Ndiyo maana nasema kuchagua walezi ni kazi ya usalama kabla haijawa kazi ya masomo. Mkinilazimisha kuchukua kimoja, mafunzo mazuri au uchaguzi mzuri wa watu, nitachukua uchaguzi.

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, tuliomba majina 10. Jioni ileile tukaletewa: wengi ndugu wa mkubwa wa pale, na mfanyabiashara mmoja aliyedhani kuna mshahara. Mwezi mzima hakuna mwanafunzi aliyekwenda kwao. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliwauliza wakubwa peke yao. Mara ya pili tuliwapa wanafunzi vikaratasi, bila kuandika majina yao, tukawauliza: "Ukipata shida usiyoweza kuisema nyumbani, unakwenda kwa nani?" Wakaandika mshonaji wa sokoni, muuguzi, fundi wa chukudu, mama mjane anayeuza maandazi. Yule mama hajui kusoma vizuri, na ndiye aliyeandikwa na wengi.

Basi anzeni kwa wanafunzi. Kisha majina yasomwe hadharani, mbele ya komite ya wazazi, viongozi wa dini, wenyeji na wajumbe wa familia zilizohama. Wapeni watu juma moja la kuleta pingamizi kwa siri kwa watu wawili wanaoaminiwa, mmoja wao mwanamke. Mwenye silaha, au anayekusanya kodi kwa ajili ya wenye silaha, hafai. Anayejulikana kwa kuwasumbua wasichana hafai, hata kama ni mzee wa kanisa. Mahali palipo na RECOPE, yaani mtandao wa wakaaji wa kulinda watoto, watu wake wawepo.

Kuna jambo jingine gumu, la kabila. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na kwa muda mfupi vita vikafika Masisi. Watoto wa leo hawakuwa wamezaliwa, lakini habari hiyo wanayo, kila mmoja kama alivyosimuliwa kwao. Walezi wote wakiwa wa kabila moja, wengine watasema: hicho ni chama chao. Mwaka 1998 Barza ya jamii mbalimbali iliwakalisha wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini katika baraza moja. Nasi tuwaweke walezi wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake wa jamii nyingine. Ila msimlazimishe mtoto siku ya kwanza kukaa na mtu anayemwogopa. Achague mwenyewe mmoja wa wale wawili. Yule wa pili atazoeleka polepole.

Mafunzo siku mbili zinatosha kuanza, kisha alasiri moja kila mwezi. Zoezi la kwanza ni kusikiliza: mmoja aseme dakika 5, mwenzake asitoe shauri lolote. Mtacheka, lakini wazee wetu wanashindwa kwa dakika moja tu!

La pili ni siri. Mlezi atunze siri, lakini asiahidi kutunza kila siri. Mtoto akisema anataka kujiua, au kuna anayetaka kumpeleka mlimani, au amebakwa, mlezi amwambie wazi kwamba hapo ni lazima mtu mwingine asaidie. Aliyebakwa afikishwe kwa muuguzi kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia ukimwi. Kumaliza jambo hilo kwa mbuzi kati ya familia mbili ni kuficha kosa.

La tatu ni sheria. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18, na anayemwandikisha mtoto katika jeshi au kundi la silaha anastahili kifungo cha miaka 10 hadi 20. Ndoa nayo ni kuanzia miaka 18, kwa msichana kama kwa mvulana. Mlezi ajue haya, ila asijifanye polisi.

Kanuni za kukutana ni fupi. Mkutane mchana, mahali pa wazi. Hakuna kukopeshana fedha. Hakuna kumtuma mwanafunzi akulimie shamba.

Msikilizaji mmoja ametuuliza: "Sisi tunakimbia kila mara, mlezi atatufaa nini?" Ni kweli. Februari 2025 kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa, na Machi 2025 mapigano yakafika Walikale-centre. Lakini mwanafunzi akifika shule mpya, prefe atamwomba buletini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlezi, kabla ya shauri lolote, iwe kunakili katika daftari ndogo shule, darasa na matokeo ya mtoto, na kumwomba prefe aweke sahihi na muhuri. Nakala moja ifungwe katika plastiki pamoja na karatasi za familia, nyingine ibaki kwa mlezi. Kabila lisiandikwe humo, wala siri yoyote ya mtoto, kwa sababu hatujui daftari hiyo itaangukia mikononi mwa nani njiani.