Barafu ya Greenland yaongeza maji Pangani

Maji yanayogonga ukuta wa bahari mjini Pangani, mkoani Tanga, yana uhusiano na barafu ya kisiwa cha Greenland, karibu na Ncha ya Kaskazini. Barafu hiyo hupimwa uzito na setilaiti mbili za Marekani na Ujerumani, zinazofuatana kwa takriban kilomita 220; jozi ya kwanza ilirushwa mwaka 2002, ya pili 2018. Ya mbele ikikaribia barafu nyingi huvutwa, na umbali kati yake na ya nyuma hubadilika. Kati ya 2002 na 2023, Greenland ilipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka. Ajabu ni kwamba bahari iliyo jirani na kisiwa hicho hushuka, kwani barafu iliyopungua haiyavuti tena maji kama zamani. Maji hayo huhamia mbali, na pwani zisizojua theluji, Tanga ikiwamo, huongezewa kupita wastani wa dunia.