Geuza jiwe, mdudu atakuambia hali ya kijito

TULIPOKIMBIA vita mwaka 1987, nilikuwa na umri wa miaka saba. Kabla ya kuelekea mpakani, mama alitusimamisha kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba yetu, viungani mwa Tororo. Akatuambia tunywe tushibe, maana hakujua tungepata maji wapi tena.

Nilisomea Busia, upande wa Kenya, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Hatimaye tulirejea nyumbani, nami nikaajiriwa kufundisha sayansi katika shule ya msingi. Siku ya kwanza tu, mama alichukua kata na kushuka kijitoni.

“Maji ya kwetu hayajawahi kumdhuru mtu, mwanangu,” akaniambia.

Mimi nilikuwa na wasiwasi. Mwendo mfupi juu ya nyumba yetu pana daraja, na hapo vijana wa boda boda walikuwa wakiosha pikipiki kutwa kucha. Sabuni, mafuta na matope yote yaliteremka kwetu. Lakini ningemwonyeshaje mama, na hali maji yenyewe yalionekana meupe?

Jibu lilinijia kutoka mbali. Binamu yangu, ambaye ukimbizi ulimfikisha Kanada, alinitumia picha ya mdudu mweusi mwembamba akitembea juu ya theluji kando ya mto. Huko kuna aina za wadudu wa mawe ambao hutoka majini wakati wa baridi kali, wakati maadui wao wengi hawapo. Watu huvaa makoti mazito wakaenda kuwapiga picha na kuwatambua.

Kwetu hakuna theluji, ila ndugu ya mdudu huyo yupo. Anayejulikana zaidi katika mito ya Afrika Mashariki ni yule ambaye wataalamu humwita Neoperla. Akiwa mchanga huishi chini ya mawe, katika maji yaendayo kasi. Anahitaji hewa nyingi ya oksijeni, hivyo maji yakichafuka yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka.

Ndiyo sababu Afrika Kusini kuna mbinu iitwayo miniSASS, ambayo hata mwanafunzi anaweza kuitumia kupima afya ya mto. Kila kundi la viumbe wa majini lina alama zake. Minyoo hupata 2, konokono 4, na wadudu wa mawe 17, alama za juu kuliko wote. Unajumlisha alama za makundi uliyoyapata, kisha unagawanya kwa idadi ya makundi hayo.

Jumamosi moja niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita hadi kwenye miamba iliyo juu ya daraja. Tuligeuza mawe, tukayasuuza taratibu ndani ya beseni jeupe. Katika jiwe la nne alikuwemo, rangi ya hudhurungi, bapa kama aliyekanyagwa.

Namna ya kumtambua ni hii. Ana mikia miwili. Kila mguu una kucha mbili. Matamvua yake ya kupumulia, mithili ya nyuzi, yako kwapani mwa miguu. Yupo mwingine anayefanana naye, lakini huyo kwa kawaida ana mikia mitatu, ukucha mmoja kwa kila mguu, na matamvua ubavuni mwa tumbo.

Simu ya kawaida yatosha kumpiga picha. Tia maji kidogo katika sahani nyeupe, kaa kivulini ili jua lisimetemete, na usiisogeze simu karibu mno, maana picha itafifia. Weka sarafu kando yake, ya Kenya au ya Uganda, ionyeshe ukubwa. Andika tarehe na mahali. Aliyekomaa ana mbawa nne alizozilaza bapa mgongoni. Huyo mtafute usiku, kwa kutundika shuka nyeupe karibu na taa.

Tukiwa bado tunapiga picha, msichana mmoja aliuliza, “Mwalimu, mbona anafanya mazoezi?” Mdudu alikuwa akijiinua na kujishusha kwa miguu, kama askari anayepiga pushapu. Hewa ilikuwa imemwishia katika sahani, naye alikuwa akiyatikisa maji ili apumue. Tulimrudisha mara moja.

Kisha tukashuka hadi nyuma ya nyumba yetu. Tuligeuza mawe 30. Tulipata minyoo myekundu, basi.

Nilimwonyesha mwenyekiti wa LC1 picha hizo, naye akawaita vijana wa daraja. “Mwalimu, huyo mdudu atanilipia mkopo wa pikipiki?” mmoja akauliza. Hakuwa na kosa kuuliza. Hiyo ndiyo riziki yake. Hatimaye tulikubaliana wahamie mbali na ukingo, wateke maji kwa mitungi, na maji machafu yaingie shimoni.

Baada ya misimu miwili ya mvua, tulipata mdudu mmoja wa mikia miwili nyuma ya nyumba. Mama alimtazama kwenye simu, akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kata.

Nikamzuia. Mdudu huyu anasema kijito kinapumua. Hasemi kwamba hakina viini vya kipindupindu au homa ya matumbo, kwani viini hivyo havionekani kwa macho na havimzuii kuishi humo. Maji ya kunywa ni ya kuchemshwa, mdudu awepo asiwepo.

Wewe uliyerudi ukakuta kijito cha utotoni, nawe mfanyabiashara unayevuka Malaba au Sio kila siku, geuza jiwe siku moja. Mito hiyo ni yetu sote, pande zote mbili za mpaka.

Mama alinuna siku nzima. Jioni nikasikia akipuliza moto, sufuria ya maji ikiwa mekoni.