Kupima Mwendo wa Risasi

Watu wa pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, tangu Koyama na Chovai mpaka Chula, ni watu wa bahari. Kazi yetu ni samaki, mashua na mikoko. Lakini bunduki haikuwa mbali nasi. Wamisri waliingia Kismayu mwaka 1875 wakakaa muda mfupi. Baadaye Waingereza walitawala mpaka mwaka 1925, walipoikabidhi Jubaland kwa Waitalia. Waitalia nao walitolewa Kismayu mwezi wa Februari, 1941, katika vita. Tena mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, silaha zikazagaa mikononi mwa watu, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua.

Kwa hiyo si ajabu kwamba maneno mengi husemwa juu ya risasi. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba bunduki kuukuu haina nguvu, na kwamba risasi iliyopigwa juu wakati wa arusi hufia huko huko juu. Maneno haya yanahusu uhai wa watu, nasi tuliosoma hatupaswi kuyakubali wala kuyakataa kabla ya kuuliza: risasi huenda kwa mwendo gani, na mwendo huo hupimwaje? Katika makala hii nataka kueleza vyombo vya kupimia mwendo wa risasi, ambavyo huitwa kronografu, na kuvilinganisha.

Kwanza tuanze na jambo tunalolijua. Mabaharia wa zamani walipotaka kujua mwendo wa chombo, walitupa kipande cha ubao majini kwenye omo, wakahesabu mpaka ubao ulipofika sawa na tezi. Kama chombo kina urefu wa meta 12, na ubao ukachukua sekunde 4, basi chombo kinakwenda meta 3 kwa sekunde. Hesabu ni masafa kugawanya kwa muda. Kronografu nyingi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Shida ni kwamba risasi ya bunduki ya vita huenda meta 700 kwa sekunde au zaidi. Kabla hujatamka "moja", imekwisha pita.

Mtu wa kwanza aliyepata njia njema ya kupima mwendo huo alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, aliyeitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1742. Yeye hakutumia saa. Alitundika kitu kizito kibembee, akakipiga risasi. Risasi ilinasa ndani, na kile kitu kikasukumwa nyuma na kuinuka kidogo. Tuchukue mfano. Risasi ina uzito wa gramu 10 na mwendo wa meta 700 kwa sekunde. Sanduku pamoja na risasi iliyonasa ni kilo 10, yaani mara 1,000 ya uzito wa risasi. Basi mwendo wa sanduku utakuwa sehemu moja katika 1,000 ya ule wa risasi, yaani meta 0.7 kwa sekunde, na sanduku litainuka sentimeta 2 na nusu. Mpimaji husoma kimo hicho, kisha hurudi nyuma kwa hesabu mpaka mwendo wa risasi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji umeme wala saa. Ubaya wake ni kwamba kimo ni kidogo mno. Ukikosea milimeta moja tu katika kukisoma, hesabu itapotea kwa meta 14 hivi kwa sekunde.

Chombo cha pili kilitengenezwa katika miaka ya 1860 na ofisa wa Ubelgiji aliyeitwa Le Boulengé. Nacho kilitumika miaka mingi katika majeshi mengi. Wavu wa waya wenye umeme husimamishwa mbele ya bunduki, na wavu wa pili mbali kidogo, tuseme meta 50 kutoka ule wa kwanza. Umeme wa kila wavu huipa nguvu sumaku yake, na kila sumaku hushika fimbo ya chuma. Risasi ikikata wavu wa kwanza, fimbo ndefu huanza kuanguka. Ikikata wa pili, fimbo fupi huanguka na kufyatua kisu, nacho hutia alama katika ile fimbo ndefu ingali inaanguka. Kwa kuwa twajua kanuni ya vitu vinavyoanguka, urefu kutoka mwanzo hadi alama hutuonyesha muda uliopita.

Lakini fimbo fupi nayo huchukua muda kuanguka na kufyatua kisu. Kwa hiyo mpimaji huanza kwa kukata umeme wa nyavu zote mbili kwa pamoja. Alama ya hapo huonyesha muda wa chombo chenyewe, ambao kwa kawaida hurekebishwa uwe sekunde 0.15, yaani sentimeta 11 za kuanguka. Muda huo hutolewa katika hesabu. Kwa risasi yetu ya meta 700 kwa sekunde, alama itakuwa kwenye sentimeta 24. Ukikosea milimeta moja hapa, utapotea kwa meta 4 au 5 tu. Basi chombo hiki chashinda kile cha Robins mara tatu.

Siku hizi watu wengi hutumia chombo cha tatu, chenye macho mawili ya umeme yanayotazama juu. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake huanzisha saa. Ikipita juu ya la pili, saa husimama. Saa hiyo huweza kuhesabu sehemu moja katika 1,000,000 ya sekunde, kwa hiyo macho huweza kukaribiana sana, hata sentimeta 60. Hapa kosa kubwa haliko tena kwenye saa, bali kwenye rula. Kama macho hayo yamepishana milimeta 3 na masafa yaliyoandikwa, mwendo utapotea kwa meta 3 na nusu kila mara, na saa nzuri namna gani haitaliponya kosa hilo. Tena jua la pwani yetu, pamoja na mng'aro wa mchanga mweupe, huweza kulipumbaza jicho lisione kivuli. Kwa hiyo vingine huwekewa taa zao wenyewe. Chombo kikiwekwa karibu mno na bunduki, mshindo wa baruti nao huweza kuanzisha saa kabla ya risasi kufika. Basi huwekwa meta kadhaa mbele.

Chombo cha nne ni rada. Mmewahi kusikia honi ya lori likija na kupita: sauti huwa nyembamba linapokaribia, na nene linapokwenda zake. Rada hutuma mawimbi yaipige risasi na kurudi, kisha hupima yamebadilika kiasi gani. Sifa yake kubwa ni kwamba haitaki risasi ipite mahali maalumu kati ya nyavu au macho, wala haitoi kipimo kimoja tu. Huifuata risasi njiani na kuonyesha inavyopunguza mwendo kwa kuzuiwa na hewa. Lakini isipoelekezwa sawasawa haioni kitu, na bei yake ni kubwa kuliko ya macho ya umeme.

Ni kipi kilicho bora, basi? Jibu langu ni kwamba hutegemea swali lako. Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe kanuni na achague sanduku la kubembea. Mlenga shabaha anayetaka kujua kama risasi zake zafanana, macho mawili yatamtosha. Anayetaka kujua risasi inafika mbali vikiwa na nguvu gani atahitaji rada. Na ye yote apimaye lazima aseme alipima umbali gani kutoka bunduki, na apige risasi nyingi, kwa maana kipimo kimoja si ushahidi.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya watu. Kwanza, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Basi hata bunduki kuukuu iliyopunguza mwendo kidogo bado ina nguvu ya kuua. Risasi ya bunduki ya vita huweza kwenda kilometa 2 na zaidi, na mvuvi aliye katika mkondo kati ya kisiwa na bara huenda asijue hata nani aliyefyatua.

Pili, risasi iliyopigwa juu haifii juu. Julian Hatcher, ofisa wa silaha wa Marekani, ameandika habari za majaribio yaliyofanywa huko Florida baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bunduki ilisimamishwa juu ya jukwaa baharini, ikafyatuliwa wima. Katika mamia ya risasi, ni chache tu zilizorudi karibu na jukwaa. Nyingine upepo wa juu ulizipeleka kwingine. Mwendo wa kurudi ulikadiriwa kuwa futi 300, yaani kama meta 90 kwa sekunde. Ni mdogo sana kuliko ule wa kutoka. Hata hivyo, imeonekana kwamba risasi yenye meta 60 tu kwa sekunde huweza kupenya ngozi. Risasi ya gramu 10 kwa mwendo wa meta 90 ina nguvu sawa na nazi ya kilo moja na nusu iliyoanguka kutoka meta karibu 3, na nguvu yote hiyo imekusanyika katika ncha. Na hayo ni kwa risasi iliyokwenda wima; ile iliyopigwa kwa kuinama hurudi na mwendo mkubwa zaidi.

Ninyi mlio shuleni mwaweza kujaribu kanuni hizi bila bunduki yo yote. Tundikeni kikopo chenye udongo laini kwa nyuzi, kitupieni gololi inase, mpime kimo. Kisha pimeni mwendo wa gololi hiyo hiyo kwa njia nyingine, mlinganishe. Nanyi mliokwisha maliza shule, mkialikwa arusini na mtu akaichukua bunduki aelekeze mbinguni, msinyamaze. Mwambieni kwa heshima kwamba imekwisha pimwa, na kwamba iendayo juu hurudi.