Printi inatoka mbaya? Usikimbilie kununua wino

Leo tuongelee printa, maana biashara yetu ya mtandaoni mwisho wake ni karatasi: lebo ya mzigo, orodha ya bei, karatasi ya Lipa Namba yenye QR, risiti ya mteja. Mzigo ukitoka huku Mlali unapita mikono mingi: bodaboda mpaka Kibaigwa, kondakta wa basi, wakala wa mizigo kule unakoshuka. Wote hao wanategemea namba ya simu iliyo kwenye lebo yako. Ikififia, 3 ikasomeka kama 8, anapigiwa mtu mwingine kabisa, na mteja wako anaamini ametapeliwa.

Mimi nina duka dogo la steshenari hapa Mlali, wilaya ya Kongwa. Printa sikusomea, nimezijua kwa kuzishika kila siku. Wauzaji wanaokuja na printi mbaya wengi wanasema neno moja: "Wino umeisha." Ukifungua, wino upo. Kumbe tatizo limekaa kwingine, na hela ya wino ingeenda bure.

Printi mbaya inaweza kutoka sehemu tatu: faili lenyewe, setingi za kompyuta, au printa. Kabla hujatoa hata mia, jua ni ipi.

KIPIMO CHA DAKIKA MBILI

Kama printa yako ina kioo cha kutolea kopi juu, chomoa waya wa kompyuta. Chukua karatasi yenye maandishi na rangi zilizochapwa vizuri, toa kopi ya rangi, kisha angalia.

Kopi ikiwa safi lakini za kompyuta ni mbaya, printa ni nzima. Tatizo ni faili au setingi. Usiguse wino.

Kopi ikiwa na mstari au doa, lakini kazi za kompyuta ni safi, kioo kina uchafu. Kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Zote zikiwa mbaya, hapo ndipo tunahamia kwenye printa yenyewe.

KAMA TATIZO NI FAILI

Picha ya simu inaonekana kali kwa sababu kioo ni kidogo. Karatasi haidanganyi. Kwa printi safi, hesabu pikseli 300 kwa kila inchi moja, yaani sentimita 2.54. Nembo yenye upana wa pikseli 300 inatosha inchi moja tu. Ukiivuta ifike sentimita 10, zinabaki kama pikseli 76 kwa inchi, lazima itoke na ukungu. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji kama pikseli 2480 kwa 3508.

Kosa linaloongoza ni picha ya WhatsApp. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaipunguza. Mwambie aliyekutengenezea nembo aitume kama dokumenti. Screenshot ya screenshot usiilete kabisa.

Na lebo usiipige picha. Andika jina na namba kwenye Word au Excel, uhifadhi kama PDF. Herufi za kuandika hubaki kali hata ukizikuza, za kwenye picha zinavunjika.

KAMA TATIZO NI SETINGI

Kabla ya kubonyeza Print, fungua Properties au Preferences. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, Quality. Ikiwa kwenye Draft, printa inabana wino na maandishi yanakuwa mepesi. Weka Standard au High kwa lebo na QR.

Pili, Paper Type. Ukichagua karatasi ya picha huku umeweka karatasi ya kawaida, wino unamwagwa mwingi na herufi zinavimba. Chagua Plain Paper kama ndiyo uliyoweka.

Tatu, jina la printa. Zikitoka herufi za ajabu zisizosomeka, mara nyingi kompyuta inatumia dereva la printa nyingine. Weka dereva la modeli yako halisi.

Kuhusu rangi: kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, printa inatengeneza kwa wino. Nguo inayong'aa kwenye simu itapoa kidogo kwenye karatasi. Hilo siyo bovu.

KAMA NI PRINTA YA WINO

Rangi ikiwa imepinda kabisa, soma dalili. Kila kitu kikiwa kama kijani, wino wa waridi iliyokolea, ile magenta, hautoki. Kikiegemea wekundu, ni samawati haitoki. Kikiegemea bluu, ni njano.

Chapa Nozzle Check. Mistari ikiwa na mapengo, matundu ya kichwa, kile mafundi wanachokiita hedi, yameziba. Fanya Head Cleaning mara moja, chapa Nozzle Check tena, ulinganishe. Ikifika mara tatu bila nafuu, acha. Zima kwa kitufe, iache ilale mpaka kesho, ujaribu tena. Kila usafi unatumia wino, na wino huo unaenda kwenye sponji ya taka ndani ya printa. Sponji ikihesabika imejaa, printa inagoma. Anayesafisha mara kumi kwa mkupuo anajinunulia tatizo la pili.

Mapengo hakuna, lakini mistari ya kusimama inaonekana miwilimiwili? Hiyo ni hedi haijanyooka. Tafuta Head Alignment, ufuate maelekezo.

KAMA NI PRINTA YA TONA

Hii inachapa kwa unga unaoyeyushwa na joto. Ikififia upande mmoja, toa katriji, itikise taratibu kulia na kushoto, irudishe. Utapata kurasa kadhaa huku unatafuta nyingine.

Doa likijirudia kwa umbali uleule kwenye ukurasa, kuna kitu kinachozunguka kimechubuka au kimechafuka, mara nyingi ngoma ya katriji. Badilisha katriji kabla hujalaumu printa.

Ukifuta kwa kidole na maandishi yakatoka, joto halikutosha au karatasi imenyonya unyevu. Jaribu rimu kavu na setingi sahihi ya karatasi. Ikiendelea, hapo sasa mwite fundi. Na stika za lebo nunua zilizoandikwa ni za leza, maana za kawaida gundi inaweza kuyeyuka ndani.

HALI YETU YA HUKU

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, hewa kavu, upepo na vumbi. Wino unakaukia kwenye hedi, vumbi linaingia kwenye roli na kioo. Mimi nafanya hivi: printa nafunika kwa kitambaa kila jioni, karatasi hazilali kwenye trei, na kila wiki natoa ukurasa mmoja wenye rangi zote hata kama hakuna kazi.

Zima kwa kitufe cha printa, siyo swichi ya ukutani. Kitufe kinarudisha hedi kwenye kifuniko chake isikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe kwanza, halafu izime vizuri.

KABLA YA KUBANDIKA LEBO

Lebo ya leo, ipe majaribio matatu. Iweke chini, simama, usome namba. Kama kuna QR, iskani kwa simu. Halafu chukua nakala mbovu, gusa kwa kidole chenye maji. Wino wa rangi mara nyingi unatapakaa, kwa hiyo funika lebo kwa selotepu pana inayoonyesha. Ila lebo za mashine ya joto, zile za karatasi kama ya risiti ya EFD, usizibandike selotepu juu ya maandishi wala usiziache juani, zinafifia.

Fuata mpangilio: faili, setingi, usafi, katriji, fundi. Vya bure vinatangulia, vya hela vinakuja mwisho.