Hukubaliani Naye? Basi Usimfungie Mlango

Umemtoa rafiki yako kwenye grupu ya WhatsApp kwa sababu mmetofautiana kuhusu dini, sivyo? Hebu nikupigie stori.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tatu. Kura ya maamuzi kuhusu Katiba ilipangwa Agosti 4: kijani Ndiyo, nyekundu La. Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) na maaskofu wa Katoliki waliwataka waumini wapige La. Hawakutaka mahakama za Kadhi ndani ya Katiba, na walihofia Kifungu cha 26 kingeruhusu utoaji mimba.

Mama, mwimbaji wa kwaya, akashika nyekundu. Mjomba, mzee wa kanisa lilo hilo, akashika kijani. Alisema Kadhi yupo tangu uhuru na huamua ndoa, talaka na urithi wa Waislamu, kwa hivyo Mkristo hapotezi kitu.

Ndiyo ikashinda kwa karibu asilimia 67. Kwetu hakuna aliyeshinda. Mama na mjomba hawakusalimiana hadi Krismasi, mama alipompelekea chapati. "Bado umekosea," akamwambia, "lakini wewe ni ndugu yangu. Kula."

Miaka ikapita, nikaacha chuo kwa kukosa karo. Aliyenilipia keja miezi mitatu ni mjomba. Je, zile chapati zisingefika?

Usinielewe vibaya. Kuvumiliana si kusema kila kitu ni sawa tu. Wakristo wa Roma walizozana kuhusu vyakula na siku takatifu. Paulo, katika Warumi 14, hakuficha msimamo wake, ila aliwakataza kudharauliana. Una haki ya kuamini jambo fulani ni dhambi, na kulisema. Lakini mtu akianza kupigwa au kufukuzwa nyumbani, hayo si maoni tena, na kunyamaza hapo si uvumilivu.

Kinachonichekesha ni hiki: Kifungu cha 32 cha Katiba ile ile aliyoikataa mama kinampa uhuru wa kutangaza imani yake. Kinampa jirani yake Mwislamu uhuru huo huo, na asiyeamini chochote pia.

Sasa chukua simu. Mwambie rafiki yako bado hukubaliani naye. Kisha muulize mnakunywa chai wapi.